Wagonjwa Wawili, Simu Moja

Dadangu mdogo alikuwa akifunga maua ya waridi katika shamba moja kubwa kule Naivasha. Aliipenda kazi ile. Hata nyumbani alipanga majani ya sukuma kwa urefu kabla ya kuyakata, nasi tukamcheka. Kisha vidole vikaanza kuvimba kila asubuhi, magoti yakafuata. Daktari akamwambia mwili wake wenyewe ndio unaovishambulia viungo, na kwamba ataishi na ugonjwa huo. Chumba cha kufungia maua ni baridi kama friji. Mkataba wake ulipoisha, hakuitwa tena.

Nikamleta kwangu Nakuru. Mimi nauza mitumba sokoni, na nilidhani kazi ni kujuana na watu. Nikampeleka kwa fundi wa nguo, kwa mwenye hoteli, kwa mama wa duka la vitambaa. Wote walimpenda mpaka alipowaambia ukweli, maana alikataa katakata kuuficha.

"Kuna siku nitafika kabla yako," alimwambia mwenye hoteli. "Na kuna siku sitaweza kufunga vifungo vya sweta. Sijui ni siku gani mpaka niamke."

Yule mwanamume akanigeukia mimi, kana kwamba dadangu ameshatoka nje. "Mama, huyu si akae tu nyumbani apumzike?"

Apumzike. Kila tulipoingia, neno lilikuwa hilo. Basi akapumzika. Alipumzika mpaka akaacha kuchana nywele. Nikitoka sokoni nilimkuta palepale nilipomwacha, pazia limefungwa, uji umeganda kikombeni. Jioni moja akaniambia, bila hata kulia, "Ugonjwa siuogopi. Naogopa kuwa mtu wa kuulizwa tu kama amekula." Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, maji yamwagike tu, asinisikie.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa akinunua viazi mashambani huko Molo na kuvisambaza kwa wakaanga chipsi wa mjini. Alikuja kuchagua koti, na simu yake haikunyamaza: huyu anataka gunia, yule analalamika viazi vimeoza.

"Hii simu nitaitupa barabarani," alisema.

"Mpe dadangu," nikamwambia, kisha nikamweleza yote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Na hizo siku mbaya, nani atashika?"

Lilikuwa swali la haki. Nilirudi nalo nyumbani, na dadangu ndiye aliyelijibu. Hospitalini alikuwa amezoeana na mzee mmoja, zamani dereva wa malori ya kupitia Mai Mahiu, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa. Siku za kusafishwa damu kwa mashine hakuwa na nguvu ya lolote. Siku nyingine alikaa mlangoni tu akiangalia barabara.

"Yeye anazijua siku zake mbaya," dadangu alisema. "Mimi zangu sizijui. Lakini ukituweka pamoja, tunatoa mtu mmoja mzima."

Mama wa viazi aliguna, akakubali kujaribu.

Ikawa simu za wateja zinaelekezwa kwa yule aliyeamka na nafuu. Alfajiri nilimsikia dadangu akisema, "Mzee, leo mikono imekataa," na sauti nzito ikimjibu, "Lala, msichana wangu. Leo ni yangu." Siku zake dadangu alipokea simu akiwa kitandani, chupa ya maji moto magotini, akibishana na wenye vibanda mpaka wakacheka. Hakuna aliyejua kuwa amelala. Nywele akaanza kuzisuka.

Mzee alifariki msimu wa mvua, usingizini. Tulipotoka mazishini dadangu alikuwa amevimba hata taya. Alishika kazi peke yake. Nikamwekea simu kwenye mto, spika imewashwa, lakini kuna siku maumivu yalimkata maneno katikati na mteja akakata simu. Mama wa viazi akaja nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, wateja wananihama. Nifanye nini na mimi?"

"Ningoje mpaka siku yangu ya kliniki."

Siku hiyo nilimshika mkono kutoka getini mpaka kwenye mabenchi. Hakuketi. Alisimama akitetemeka mbele ya watu wote, akauliza, "Nani hapa anaweza kuuza viazi kwa simu?" Walitazama chini. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, akasema polepole, "Mimi naweza. Lakini kuna siku siwezi hata kuamka."

"Hata mimi," dadangu akamjibu, akajishusha kando yake.

Sasa wanashika wote wawili. Kuna asubuhi wote wanashindwa, na mama wa viazi anapokea mwenyewe huku akinung'unika. Hajawaacha bado. Kila dadangu anapochelewa kuamka mimi husimama nje ya mlango wake, nikisikiliza kama ataongea.