Siku Niliyomtembeza Mama Mkwe Mjini

Shida yangu ilianza mwaka wa 1963, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Wengine walikuwa wakishangilia bendera ya uhuru. Sisi tulikuwa tukimzika baba. Nilitolewa shule darasa la tatu nikachunge ng'ombe wa watu, na nilipopata nguvu ya kubeba jiwe nikaja Nairobi. Hakuna aliyenishika mkono.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kambi Muru, Kibera, lile jumba la mviringo la mikutano la katikati ya mji likiwa jipya bado. Mama mkwe akatuma neno kwamba anakuja kumwona mjukuu. Kwetu Magharibi mwa Kenya, mama mkwe haingii mahali anapolala mkwe wake, hampi mkono, hamtazami usoni. Na mimi nilikuwa nimejisifu kule nyumbani kwamba tuna chumba na sebule. Tulikuwa na chumba. Kitanda kilianzia mlangoni.

Jirani yetu, fundi viatu, alikubali kutuachia chumba chake tukiite sebule. Lakini siku yenyewe alitoka alfajiri na ufunguo mfukoni, na hangerudi kabla ya jioni. Basi nilipompokea mama mkwe asubuhi pale stesheni, nilisema, nikitazama viatu vyangu, kwamba mtu akifika Nairobi mara ya kwanza lazima aone mji.

Nikamwonyesha stesheni yenyewe. Nikamwonyesha saa ya Bunge, tukangoja mpaka igonge. Nikampeleka kwenye jumba refu nikasema kokoto za pale nilibeba mimi, na ni kweli. Yote hayo niliyasema nikiwa mbele, kama mtu anayeongea na upepo, yeye nyuma na kikapu chenye kuku wa kumpikia binti yake. Tulipokuwa tukivuka barabara, magari yalimchanganya akasimama katikati. Singeweza kumshika mkono. Mwanamke mmoja ndiye aliyemvusha, akanitazama kama mtu aliyemtupa mamake.

Adhuhuri tuliketi bustanini, kila mtu benchi lake. Nikatangaza kwamba bado kuna makumbusho. Mama mkwe akamwita muuza njugu aliyekuwa akipita katikati yetu.

"Baba, mwambie huyo kijana sikuja kuona mawe. Nimekuja kuona mtoto."

Muuza njugu akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa. Nadhani alikuwa mtu wa kwetu. Akanigeukia na uso wa hakimu. "Mzee, si umesikia?"

Nikamwomba amwambie kwamba huko makumbusho kuna nyoka walio hai.

"Mama, anasema kuna nyoka."

"Nyoka tuko nao nyumbani. Muulize, ana nyumba au hana?"

Hilo muuza njugu hakulibeba. Alianza kukunjakunja karatasi zake. Nikaziambia nyasi, "Mwambie ni chumba kimoja."

Nikamsikia mama mkwe akiinuka. "Mwambie atangulie. Kuku huyu atakufa na jua."

Kichochoro chetu kilikuwa chembamba, na mtaro wa maji machafu katikati. Mama mkwe alifika mlangoni, akakiona kitanda, akageuka. Aliomba mtungi wa plastiki wa maji, ulio mtupu, akaulaza, akaukalia pale nje, na mke wangu akamletea mtoto. Mimi singeweza kufika kwangu bila suruali yangu kugusa magoti yake. Nikasimama mwanzo wa kichochoro, mwanamume mzima, mwenye nyumba. Jirani mmoja akaniuliza kama nimefukuzwa na mke. Nikasema ndiyo. Hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Mvua ilipoanza, mama mkwe alimpitishia binti yake mtoto pale mlangoni, yeye akabaki nje na leso yake kichwani. Niliona. Hakuingia mpaka fundi viatu aliporudi na kumfungulia kwake.

Kesho yake akapanda treni. Binti yake anasema hakutamka neno baya juu yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakurudi Nairobi tena, na alifariki kabla sijajenga.

Leo nina ploti mbili Kawangware, vyumba vya kupangisha, duka la mbao na misumari, pikapu ya zamani, ng'ombe wanne nyumbani, na nyumba yangu ya mawe: vyumba vitatu vya kulala, jikoni, na sebule yenye mlango wake.