Roboti Aliyekataa Kuchuchumaa

Kwa miaka thelathini, hakuna mshono wa shangazi yangu uliowahi kufumuka mbele za watu. Kila mteja, awe bwana harusi au hakimu, alichuchumaa mara tatu mbele ya cherehani, kuujaribu mshono, kabla ya kukabidhiwa nguo yake.

Siku moja alishona vazi la roboti kwa ajili ya filamu, la kitambaa kilichong'aa kama sufuria mpya. Mwigizaji alilivaa, akasimama wima, akagoma.

"Mama, roboti hawachuchumai."

"Mwanangu, roboti simwamini, na wewe uliyemo ndani nakuamini nusu. Chuchumaa!"

"Muda umekwisha, mama," mwongozaji wa filamu akaingilia.

Shangazi akatunga uzi kwenye sindano, akangoja.

Katika tukio kuu, askari walimwelekezea roboti bunduki kwa kumshuku, naye akainama kumwokoa binti aliyezimia chini ya kifusi. Praa! Chupi nyekundu yenye maua ikachungulia. Askari walicheka hadi bunduki zikawaponyoka, na binti akazinduka kwa kicheko.

Shangazi alikuja mbio, machozi yakimlengalenga. "Sifa yangu ya miaka thelathini!"

"Usishone, mama," mwongozaji alisema huku akijifuta macho. "Hapa ndipo wanadamu watakapomwamini. Nani atamwogopa roboti mwenye chupi ya maua?"

"Basi andikeni ukweli mwishoni mwa filamu."

Wakaandika. Filamu ilipokwisha, ukoo mzima tulisimama ukumbini tukapiga vigelegele, kwani kwenye skrini, chini ya jina la shangazi, palisomeka: "Mshono ni wake, ubishi ni wa roboti."