Kijiko cha Nokuphiwa

Wifi yangu Nokuphiwa alifiwa na mama akiwa bado shule ya msingi, hapa hapa mtaani kwetu Umlazi. Mama yule alikufa kwa UKIMWI katika chumba cha nyuma, sahani na kijiko chake vimetengwa na vya watu. Ndiyo maana watafiti walipokuja kutafuta wanawake wa kujaribiwa chanjo ya ugonjwa huo, Nokuphiwa alijitokeza bila kubembelezwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kuna wanaodai alifuata hela ya nauli. Washindwe!

Chanjo yenyewe alinieleza tukiosha vyombo, baada ya kuolewa na kaka yangu Mfanafuthi.

"Wanachukua kirusi cha mafua, wifi, wanakihasi."

"Wanakihasi! Kina nini cha kuhasiwa?"

"Si kama maksai? Hazai, lakini mkokoteni anavuta. Basi hicho kinabeba maelezo ya kipande cha kirusi cha UKIMWI, kipande tu, hakiambukizi, kinayaingiza ndani ya seli zako. Mwili unaijua sura ya adui mapema. Kuna na askari wanaitwa seli T, wanafundishwa kuua seli yoyote iliyovamiwa."

"Na wa kwako walifundishika?"

"Walifundishika, ila haikutosha. Watu hawakukingika, jaribio likafungwa."

Akashika mimba. Kliniki wakamtoboa kidole, kipimo cha UKIMWI kikaonyesha mistari miwili, yaani anao. Kipimo kile hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, zile silaha ambazo mwili huunda ukishamwona adui, na mwili wa Nokuphiwa ulishamwona kwenye chanjo. Alimweleza nesi yote hayo, akaomba kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

"Dada, kila mtu hapa ana hadithi yake," nesi akamjibu. "Kakae benchi lile."

Benchi lile! Kliniki nzima inajua wanaokaa pale wanangoja dawa gani. Mwanamke mmoja wa kanisani kwa mama alikuwa foleni ya chanjo za watoto, na kabla Nokuphiwa hajafika nyumbani, habari ilishakaa jikoni kwetu inakunywa chai.

Mama yangu, MaKhoza, hakugomba. Afadhali angegomba. Alitwaa kijiko kimoja, akakifunga uzi mwekundu wa sufu shingoni, akakiweka na kikombe cha bati pembeni ya sinki. Na Jumamosi iliyofuata mbuzi alikuwa achinjwe ili mkamwana apewe maziwa ya mgando ya nyumba yetu. Bila maziwa hayo wewe ni mgeni tu, hata uzae watoto kumi. Mama akatangaza kwamba mbuzi bado mdogo. Mbuzi mwenye pembe kama usukani wa baiskeli!

Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kijiko! Hata mtoto wa chekechea anajua!"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

"Na Mfanafuthi je? Yeye kapimwa lini?"

"Dada, niache niangalie mpira," kaka akasema.

Hajawahi kupimwa maishani mwake, mwanamume yule, na vijiko vyote vya nyumba vilikuwa halali yake. Nilitamani kumpiga na sufuria.

Nokuphiwa hakulia. Aliwapigia watafiti, ambao waliahidi kwamba vipimo vikimchanganyia mtu mambo watampima sawasawa. Ahadi wakaitimiza. Alimburuta na mumewe, naye akatolewa damu huku anatiririka jasho. Kirusi hakikuonekana, si kwake wala kwa Mfanafuthi.

Mbuzi akakua ghafla. Alichinjwa wiki hiyo hiyo. Nokuphiwa akapiga magoti mkekani, kitambaa kichwani na shuka begani, na mama akaleta bakuli, meno yote nje.

"Kula, mwanangu. Sasa wewe ni wa kwetu."

Nokuphiwa akasimama. Tulidhani anatapika, mambo ya mimba. Kumbe alikwenda kwenye sinki, akarudi na kijiko chenye uzi mwekundu, akapiga magoti tena.

"Kiache hicho, mwanangu," mama akasema, akimsogezea kijiko kingine. "Majibu si yametoka?"

"Yametoka, Mama." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, kama inavyompasa mkamwana. "Ila nauliza tu. Ningekuwa nao kweli, kama alivyokuwa nao mama yangu, leo ningekula kwa kijiko gani?"

Nokuphiwa alichota, akala, akachota tena, mpaka bakuli likaisha, uzi ule umelowa maziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia aufungue.