Sifuri Mbele ya Mama Mkwe

Juzi nilikuwa kwenye benchi ndani ya chumba cha matibabu cha hospitali moja huko Oyugis, nikingoja majibu ya damu, wakamleta jamaa aliyeanguka kutoka juu ya paa lake akibadilisha mabati. Mkono ulikuwa umevunjika, hilo hata mimi niliona. Nyuma yake aliingia mama mkwe wake, akaketi wima, mkoba mapajani.

Daktari akauliza, "Baba, kutoka sifuri hadi kumi, uchungu ni ngapi?"

Jamaa akamtupia mama mkwe jicho. "Sifuri, daktari."

"Sifuri?"

"Labda nusu." Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye ncha ya pua.

Daktari akaanza kumwandikia panadol. Sista, muuguzi aliyekuwa kando ya daktari, akaugusa ule mkono kidogo tu, na jamaa akauma kofia yake.

"Mama," sista akasema kwa upole, "hebu tusaidie maji pale nje."

Mlango ulipofungwa, jamaa akalia, "Yawa! Jamani, daktari! Kumi na nne! Nipe mofini!"

Daktari akafuta panadol, akaandika mofini. Mama mkwe akarudi na kikombe.

"Kumi na nne nimeisikia kule kwa mfereji," alisema. "Pole, baba. Hata mimi, siku ile ya goti langu, nilisema mbili kwa sababu ulikuwa umekaa hapo."

Fomu ya hospitali inauliza umri, uzito na dawa zinazokudhuru. Ningeomba waongeze swali moja: umesindikizwa na nani?