Huruma yangu ilivyomnyima Claudine sinia

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sitatia chumvi, maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka 1992 nilikuwa fundi cherehani Nyakabanda, Kigali. Huku nashona, huku nalea watoto wanne wa majirani pamoja na binti yangu Zaituni, miaka saba. Mama zao walikuwa sokoni kutwa.

(Yaliyoipata Kigali baadaye mnayajua. Leo nawaletea mchana mmoja tu.)

Mama Claudine, muuza nyanya wa soko la Nyabugogo, akaniletea binti yake wa miaka minne. Miguu haimbebi, mikono imekakamaa, hawezi kukaa bila kushikwa. Kabla ya hapo alikuwa anamfungia ndani peke yake mpaka jioni. Roho iliniuma, nikampokea.

Sasa huruma yangu ndiyo ikaharibu. Kwetu Waislamu watoto hula sinia moja. Claudine nikamtenga chumbani asije akasukumwa, namlisha uji kwa kijiko kabla ya wenzake. Nilijiona mlezi bora, jamani.

Akafunga mdomo. Siku tatu ni maji tu. Asubuhi ya nne mama yake akasema kesho hamleti tena, atamfungia kama zamani.

Mchana wa siku hiyo kazi ya nguo ya mteja ilinibana, nikachelewa kumlisha. Kugeuka, Zaituni kamburuta hadi mkekani, kamkalisha katikati ya miguu yake, kamwegemeza kifuani. Nikainuka nimtoe.

Ndipo nikaona mkono wa Claudine unaelekea kwenye sinia, taratibu mno. Wenzake wakamsogezea maharage bila kuambiwa. Wali ukaenda shavuni, kwenye nywele, na mwingine mdomoni. Akatafuna. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni mama yake akamkuta na wali kichwani.

“Nani amemulisha?”

Zaituni akajibu, “Hakuna mutu. Amekula yeye mwenyewe. Na ndizi yangu amekula.”

Mama Claudine alikaa chini. Akatoa punje ya wali kwenye nywele za mwanawe, akaila. Kesho yake alimleta mapema.

Nilichojifunza: mtoto yule hakukosa mlezi, alikosa wenzake, na aliyemnyima ni mimi.

Nanyi wadau, mtoto kama huyu kwenu anakula wapi, na nani? Semeni ukweli, hata kama unauma. Wa kwangu nimeshausema.