Meno Thelathini na Sita ya Tariki

Tariki, muuza vitenge wa Kalundu, alikuwa na pikipiki ya mashindano nyekundu kama pilipili. Barabara ya kuikimbizia ndiyo hakuwa nayo. Kila jioni aliingurumisha hadi sokoni, gia ya pili, akikwepa mbuzi.

Shene, ule mnyororo wa kuzungusha gurudumu, ilipolegea hadi kupiga kelele, aliipeleka kwa fundi Generose, mwanamke wa Lubarika aliyezoea kuchagua maneno kama achaguavyo spana. Generose akapitisha kidole kwenye meno ya kurone, ile duara ya gurudumu la nyuma. Yalikuwa yamechongoka kama miiba.

"Patron, shene, pinyo, ile ya meno ndogo ya mbele, na kurone ya nyuma, vyote vimekwisha. Tubadilishe pamoja. Kurone ya zamani iko na meno arobaini na tatu. Tuweke arobaini na tano; meno mengi ndiyo yanapanda, na njia yetu iko na milima."

"Minye nataka thelathini na sita," akasema Tariki, ambaye ufundi wake wote aliusomea kwenye video moja ya simu. "Meno machache, mbio nyingi. Na shene iwe ya rangi ya zahabu."

"Hizo mbio utazipeleka wapi?"

"Weye funga tu."

Generose akafunga.

Jumamosi kulikuwa na harusi Makobola. Tariki akavaa koti la ngozi katika jua lile, akampakia mkewe Fadhila. Kwenye tambarare pikipiki ilikwenda, ingawa kila kuondoka ilitaka kubembelezwa. Walipofika kwenye mpando wa kokoto ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha tena, akaing'ang'aniza kwa klachi. Moshi ukapanda.

"Baba Safi, kunanuka nini?" akauliza Fadhila mgongoni mwake.

"Ni nguvu hiyo."

Nyuma yao ikaja pikipiki kuukuu ya teksi, imebeba gunia la muhogo. Fadhila akashuka, akaisimamisha, akakusanya kitenge chake na kuketi juu ya gunia.

"Tutaonana kwenye wali," akasema, akaenda zake.

Tariki akasukuma. Alipofika, wali ulikuwa umebaki ukoko.

Jumatatu Generose alimfungia kurone ya arobaini na tano, na klachi mpya. Hakucheka mbele yake. Barazani, Tariki akawaeleza wenzake kwamba ile kurone ya thelathini na sita ilikuwa na mbio za hatari. Alihofia kuua watu.

"Watu gani?" akauliza Nasoro, aliyekuwapo harusini. "Wale waliokupita?"