Jozi Tano za Ndala

Enzi zetu mvua haikutangazwa na simu. Ilianza na harufu ya udongo mweusi wa mbuga, kuku wakaingia ndani kabla ya watu, na mama akaanua mahindi bila kumuuliza mtu.

Hayo nimeyakumbuka nikiwa Marekani. Mdogo wangu Kabula anaishi huko, na mwaka jana alitupakia mimi na watoto wake kwenye gari lake tuzunguke majimbo, wingu likitufuata nyuma jeusi kama sufuria la kuni. Ghafla simu zote zikalia kwa pamoja: dhoruba inakuja. Mimi niliruka. Wapwa wangu hawakuinua hata shingo. Mmoja aliuliza tu kama mtandao utakatika.

Safari yetu ya mvua, mimi na Kabula, ilikuwa ya Bariadi kwenda Nassa kwa bibi, kwa pikapu aliyoazima baba. Wazazi mbele, nyuma watoto watano, debe la mchele na jogoo mmoja aliyesafiri kwa adabu kutuzidi. Njiani mvua ya mawe ikatushukia, tukakimbilia kwenye ghala la pamba. Tulichezea humo mpaka pua zikajaa nyuzi.

Mvua ilipopungua, baba aliwasha gari. Aliniambia, "Wewe mkubwa, hesabu wenzako. Mara mbili."

Wenzangu walikuwa wameshajikunyata chini ya turubai, huoni kichwa wala mkono. Kulifunua ni kuingiza maji. Mimi tangu utoto ni mtu wa njia fupi: nikahesabu ndala zilizopangwa ukingoni, pamoja na zangu. Jozi tano. Nikarudia. Jozi tano.

"Watano, baba!"

Tukavuka korongo, maji yakiwa chini ya magoti. Mbele kidogo mama akaanza kupitisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kupitia kidirisha cha nyuma, mafungu matano. Mikono ikapokea manne. Fungu moja likabaki linaning'inia.

"Kabula! Wewe Kabula, unakataa michembe leo?"

Nikafunua turubai. Ndala za Kabula zilikuwepo. Kabula hakuwepo. Alikuwa amezivua zisimezwe na tope, akarudi peku ghalani kuchezea pamba, na mimi nikavihesabu viatu vyake nikavipa uhai.

Baba aligeuza gari. Tulipofika korongoni, maji yalikuwa mekundu, yanabeba matawi, na mtoto wa miaka sita yuko ng'ambo. Mama alishuka akaita jina la Kabula. Baba alikunja suruali, akachukua fimbo, akaingia kupima. Magoti. Mapaja. Kiuno. Nilihesabu hatua zake mpaka akatokea upande wa pili, kisha nikazihesabu upya kichwani kwa kuogopa nimekosea tena.

Akarudi amembeba Kabula mabegani, nywele zake nyeupe kwa pamba kama bibi kizee. Mlinzi wa ghala alikuwa amempa chai. Baba alitusimulia baadaye kwamba alipomuuliza kama alilia, mtoto alimshangaa: "Nilie nini? Nilijua mtarudi. Ndala zangu mnazo."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kupunguziwa fimbo: akitaja tano, ningeanzia moja, tukutane mbili. Baba hakutaja bei yoyote. Alisema tu, "Kuanzia leo, hesabu kwa majina."

Basi kule Marekani, tuliposimama kwenye kituo cha mafuta kungojea dhoruba ipite, nilimwona Kabula, mama mzima, anazunguka gari na upepo unamvuta koti. Akawa anataja majina, anagusa kichwa kimoja kimoja. Siku hizi kila mtoto ana kiti chake, mkanda wake, na mvua yake kwenye kioo cha simu. Sisi tulikuwa na turubai moja lenye matundu, michembe migumu kama kokoto, na baba aliyeingia majini na fimbo tu mkononi. Hayupo tena, mama pia hayupo. Ningekubali kulowa hivyo tena, kwa bei yoyote, bila kubishana.

Kabula akafika dirishani kwangu, akaniwekea mkono kichwani.

"Kaka Maduhu?"

"Nipo."

"Wewe au viatu vyako?"

Nikainama nikaangalia miguu yangu. Mara mbili.